Kwa Nini Fonti Yangu Chakavu Ina A Saba

Andika neno BARAKA kwa fonti yoyote chakavu, yaani seti ya herufi za kompyuta zilizochorwa zionekane zimezeeka, uliyoipakua bure mtandaoni, likuze mpaka lijae skrini, kisha uziangalie A zake tatu. Ya kwanza ina mkwaruzo kwenye mguu wa kushoto na kitundu kidogo karibu na kilele. Ya pili ina mkwaruzo huo huo, mguu huo huo, na kitundu hicho hicho. Ya tatu vilevile. Sasa toka nje utafute kibao chochote kilichokaa juani miaka kadhaa, uone kama kuna herufi mbili zilizobanduka namna moja. Huzipati. Msomaji wa bango huenda hajawahi kulisikia neno fonti maishani mwake, lakini jicho lake linajua. Bango ulilotaka lionekane limepigwa na jua na mvua linaonekana limetoka kwenye kompyuta asubuhi ya leo.

Kazi yangu ni kubuni mabango hapa Kisumu: mashindano ya mpira, mikutano ya injili, ngoma za Kiluo za ohangla za wikendi, ufunguzi wa maduka, tamasha za shule. Wateja wengi, hasa vijana, wanataka kichwa cha bango kiwe na ukali. Mtu anakuja na picha kwenye simu, ananionyesha herufi nene zilizoparuzwa na kukatikakatika, ananiambia, "Mimi nataka hii, iwe imechakaa hivi." Namwelewa kabisa. Kwenye ukuta wa mtaa wa Kondele wenye mabango yaliyobandikwa juu ya mabango, herufi safi zinafanana zote, na ile iliyovunjika kingo ndiyo inayosomwa kwanza. Ukingo uliovunjika unalilazimisha jicho lisimame, limalizie lenyewe pale palipokosekana. Hiyo nguvu ni ya kweli, nami siidharau. Ninachodai ni kwamba mkwaruzo uwe na sababu, na usijirudie. Kwa lugha yetu sharti hilo la pili ni gumu kuliko kwa lugha ambazo fonti hizi zilitungiwa, na ndiyo maana niliamua kutengeneza yangu.

Waliochonga herufi za mwanzo za mabango hawakuutaka uchakavu hata kidogo. Herufi za madini ya risasi zilifaa vitabu na magazeti, lakini ukizitaka ziwe na ukubwa wa kiganja zinakuwa nzito, ghali, na uso wake hauwi sawa, kwa kuwa madini mazito yakimiminwa hupoa kwa kupishana. Mwaka 1827 huko New York, Darius Wells akapata njia ya kuchonga herufi za mbao kwa mashine yenye kisu kinachozunguka, na mwaka uliofuata akatoa katalogi yake. Mwaka 1834 William Leavenworth akaiunganisha mashine ya namna hiyo na pantografu, kifaa kinachofuatisha umbo moja na kulitoa kwa ukubwa tofauti, na herufi kubwa zikashuka bei. Mbao zenyewe zilikuwa za mti wa maple, zikikatwa kwa upande wa kichwa cha gogo, pale nyuzi za mti zinapoishia, ili uso uwe mgumu na laini. Kiwanda alichoanzisha J. E. Hamilton mjini Two Rivers, Wisconsin, mwaka 1880 kilikuja kushika sehemu kubwa ya soko hilo Marekani. Jitihada zote hizo zilikuwa za kupata ukingo uliokatika vizuri na wino uliolala sawasawa.

Uchakavu ulikuja wenyewe baadaye. Herufi ikaanguka sakafuni ikavunjika pembe. Nyingine ikaoshwa vibaya ikapasuka. Ile iliyotumiwa kila wiki ikabonyea katikati, wino ukawa haufiki hapo. Kila kovu lilikuwa na siku yake ya kazi. Ndipo watu wakaanza kulipenda kovu lenyewe, na wakaanza kulitengeneza makusudi. Mwishoni mwa karne ya 19, kampuni ya Barnhart Brothers & Spindler ya Chicago ilitoa herufi zilizochorwa na Berne Nadall zikiwa tayari na kingo zilizomeguka, zionekane kama zimetoka kwenye kitabu cha kale. Leo zinajulikana kwa jina la Caslon Antique, na bado zinauzwa.

Lakini wawili ninaowaheshimu kuliko wote katika fani hii ni Waholanzi, Erik van Blokland na Just van Rossum. Van Blokland alitoa Trixie mwaka 1991, fonti iliyotokana na herufi za taipureta zikiwa na uchafu wake wote: utepe uliofifia, vitundu vilivyojaa wino. Kabla ya hapo wawili hao walikuwa wametengeneza Beowolf, ambayo kingo zake hazikuwa zimekaa mahali pamoja. Waliingilia amri za PostScript, lugha inayoiambia printa ichore nini, wakaiagiza izisogeze nukta za kila herufi kwa kubahatisha wakati wa kuchapa. Ukichapa A tatu unapata A tatu tofauti. Mwaka 2011 jumba la makumbusho la MoMA la New York liliiingiza Beowolf katika mkusanyiko wake pamoja na fonti nyingine za kidijitali. Teknolojia ilipobadilika ujanja ule wa printa haukufanya kazi tena, nayo fonti ikajengwa upya kwa kuwekewa maumbo mengi mbadala ya kila herufi. Maana yake tatizo la BARAKA lilionekana na kupatiwa dawa zaidi ya miaka 30 iliyopita. Fonti chakavu zilizofurika mtandaoni baada ya hapo ndizo zilizolisahau.

Kwa nini waliozitengeneza hawakulijali? Nadhani kwa sababu kwao halionekani sana. Kwa Kiingereza herufi inayotumika kuliko zote ni E, nayo huchukua kama herufi 12 au 13 katika kila 100. Mtengenezaji akiweka umbo moja la E kwenye nafasi ya herufi kubwa na jingine kwenye nafasi ya herufi ndogo, kichwa kifupi cha Kiingereza kinapita salama. Sasa chukua bango la mbio za mitumbwi: MASHINDANO YA MAKASIA. Herufi 19, A sita. Chukua TAMASHA LA NGOMA NA MASHAIRI: herufi 24, A nane, theluthi nzima ya kichwa ni herufi moja. Wala sikuchagua maneno magumu ili nishinde hoja, ni mabango ya kila wiki. Maneno yetu huishia kwa irabu, na upatanisho wa sarufi unazidisha: wa, ya, la, za, na, ma, vyote vimebeba A. Kadiri kichwa kinavyokuwa cha Kiswahili safi, ndivyo A zinavyojipanga kama mihuri iliyogongwa na mkono mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona limeandikwa popote, nikaligundua kwa kukaa na maneno yetu. Watengenezaji wachache wanaojali hujaribu kuzuia herufi mbili zinazofanana zisikae bega kwa bega: EE, OO, LL. Wanaandika kanuni ndani ya fonti kwamba herufi ikifuatwa na mwenzake, ya pili ibadilishwe umbo. Kwa Kiingereza hilo linasaidia. Kwa Kiswahili karibu halisaidii kitu. Tuna kaa na saa na taa, lakini irabu yetu kwa kawaida hairudi papo hapo. Inarudi baada ya kuruka konsonanti moja: ma-ka-sia, ba-ra-ka, ta-ma-sha. Kanuni inayotazama jirani wa karibu tu haioni chochote cha kurekebisha. Ili ifanye kazi kwetu, inabidi itazame nyuma, ipite konsonanti moja, mbili, hata tatu, iikute A iliyotangulia, iulize ilikuwa ya ngapi, kisha itoe inayofuata.

Kwa hiyo nikajua nahitaji A nyingi. Swali likawa uchakavu wake nitautoa wapi.

Ningeweza kununua herufi kuukuu za mbao kutoka Marekani, au kukopa picha zake. Sikutaka. Historia ya uchapaji tunayo, na ni ya kujivunia. Gazeti la Ramogi alilolihariri Achieng' Oneko miaka ya 1940 lilikuwa sauti kubwa ya watu wa huku, na shirika la Luo Thrift and Trading Corporation la Jaramogi Oginga Odinga na wenzake lilikuwa na matbaa yake, Ramogi Press. Lakini herufi kubwa za mitaani, zile ambazo mtu wa Kisumu au Busia au Nakuru amekua akizisoma, zilitoka kwenye brashi na kopo la rangi ya mafuta. Kinyozi, posho mill, hoteli, duka la vipuri, ubavu wa lori, ubavu wa mtumbwi: fundi alipiga uzi wenye chaki kupata mstari, akachora kwa penseli, akajaza kwa brashi bapa. Kwa hiyo namna herufi zetu zinavyozeeka ni namna rangi inavyozeeka. Haifanani na herufi ya mbao iliyobonyea kwenye mashine.

Nikaenda Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, nikaanza kuangalia majina ya mitumbwi kwa karibu kuliko nilivyowahi kuyaangalia. Ukikaa mbele ya ubavu mmoja kwa muda wa kutosha unaanza kuusoma. Mbao zimelala kwa ulalo, moja juu ya nyingine, kwa hiyo ufa mkubwa unapita palepale ubao unapokutana na mwenzake. Haujali herufi. Unaingia kwenye herufi ya kwanza kwa kimo fulani, unatokea upande wa pili kwa kimo hicho hicho, unaingia ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho wa jina. Ndani ya ubao wenyewe kuna nyufa nyembamba zinazofuata nyuzi za mti, nazo pia zimelala. Sehemu ya chini ya herufi imesuguka hadi mbao kuonekana, lakini imesuguka kwa michirizi, si kwa madoa. Juu, karibu na mdomo wa mtumbwi, rangi haijabanduka sana ila imepauka na kuwa kama unga. Ukipitisha kidole kinatoka cheupe.

Nikamwuliza mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kivulini, "Shikamoo mzee. Mbona jina hili limeisha hapa katikati tu, na huku na huku ni zima?"

"Marahaba. Hapo ndipo wavu unapopandia, kijana wangu. Kila siku unapita hapo hapo."

"Na huku chini?"

"Huko ni mchanga. Tukiutoa mtumbwi majini tunauburuta. Na yule aliyepaka alipaka mbao bado mbichi. Rangi ya mafuta ukiipaka juu ya maji haikai, hata ungenunua ya bei gani."

Kwa sentensi chache mzee alikuwa amenipa kanuni zote za fonti. Mbao huvimba zikilowa na kunywea zikikauka, rangi iliyogandamana juu yake haiwezi kufuata mwendo huo, ndipo inapasuka, na inapasuka kwa kufuata nyuzi. Mchanga unakula kutoka chini. Wavu unakula mahali pamoja. Jua la huku, mji ukiwa karibu kabisa na ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, linavunja kile kinachoishikilia rangi, na linaanzia juu. Ukichukua fonti chakavu ya kawaida uipime kwa kanuni hizo utaona fujo: mkwaruzo wa wima hapa, doa la wino pale, vumbi kila mahali, kana kwamba herufi moja iliburutwa, nyingine ikamwagiwa chai, na ya tatu ikapigwa risasi, zote kwenye neno moja.

Nilipata mbao za mtumbwi uliovunjwa, ndefu, zingine bado na rangi ya zamani. Nikazipaka herufi zangu mwenyewe kwa brashi, nene na nyembamba kwa upana, za namna ya vibao vya madukani, zikiwa zimepangwa mstari kwa mstari ili ufa wa ubao upite kwenye herufi zote kama nilivyoona ufuoni. A nikazipaka saba, sehemu tofauti za mbao tofauti, kwa sababu nilitaka kila moja iwe na maisha yake. Nikaziacha nje, juani na kwenye mvua, kupitia masika yote. Baadhi nilizisugua kwa mchanga na maji kwenye kitako, kama mtumbwi unavyoburutwa. Sikuchonga hata kovu moja kwa kisu.

Kuzitoa kwenye mbao na kuziingiza kwenye kompyuta ndiyo kazi iliyokula muda. Picha inapigwa kutoka mbele kabisa, mwanga ukiwa wa kawaida bila vivuli vikali, kisha inageuzwa kuwa nyeusi na nyeupe tupu, na programu inafuatisha kingo zake. Nimetumia Inkscape kwa kufuatisha na FontForge kwa kujenga fonti yenyewe, zote za bure, na ningependa kijana yeyote anayesoma hapa ajue kwamba kazi hii haihitaji leseni ya maelfu ya shilingi. A safi isiyo na madoido ina nukta 11 tu: nane za umbo la nje na tatu za pembetatu ya ndani. A hiyo hiyo ikitoka kwenye picha inakuja na mamia ya nukta, kwa kuwa programu haiwezi kutofautisha kovu na punje ya vumbi. Ukiziacha zote, faili linakuwa zito, kompyuta ya matbaa inasota, na bango linachelewa. Kwa hiyo nilikaa na kila herufi nikafuta kwa mkono, nikibakiza kile ambacho ningeweza kukieleza: huu ni ufa wa ubao, hizi ni nyuzi, huu ni mchanga. Nisichoweza kukieleza kiliondoka.

Ufa mkubwa nimeufungia kimo. Mraba wa herufi kwenye fonti yangu umegawanywa vipimo 1,000, na ufa unaingia na kutoka kwenye kila herufi kati ya kimo cha 300 na 320. Ukiandika neno zima, macho yanaona ubao mmoja nyuma ya herufi. Hapo ndipo nilipojua kwamba fonti imeshika. Nimeiita Ubao.

Kisha zikaja nafasi. W, Y, T na A zina miteremko, na zikikaa jirani zinaacha shimo. Wachapaji wa herufi za mbao walikuwa wakizikata mbao zenyewe kwa msumeno ili A iingie chini ya kwapa la W. Kwa Kiingereza jozi kama WA na YA si za kila mstari. Kwetu ni vichwa vichache visivyo nazo, na mara nyingi zinasimama peke yake kama neno, katikati ya maneno mawili makubwa: SIKU YA WATOTO, SAUTI YA WAZEE. Fonti nyingi za bure hazijagusa jozi hizi, na YA inaonekana kama maneno mawili. Nilianza na WA, YA, TA, KA, LA, kabla ya jozi nyingine zote, na kwa sababu kuna A saba ilibidi kila jozi ipimwe kwa kila A.

Kanuni ya kuzungusha A inafanya kazi vizuri kwenye programu zinazofuata amri za OpenType, muundo wa fonti unaobeba kanuni za namna hii ndani yake. Si zote. Microsoft Word inaweza, lakini lazima uende kwenye mipangilio ya juu ya fonti uiwashe, yenyewe huja imezimwa. Programu nyingi za simu, ambazo ndizo vijana wengi wanatumia kutengeneza posta, hazikupi kitufe chochote cha kuchagua. Kwa hao nimeweka A mbili zinazotofautiana sana, moja kwenye nafasi ya herufi kubwa na nyingine kwenye nafasi ya herufi ndogo, ili mtu aandike kwa mkono BaRAKa na asipate A mbili sawa zikifuatana. Si saba, lakini inatosha kuliokoa neno.

Halafu kuna karakana. Fonti inaweza kupendeza kwenye skrini na kuwa balaa kwa fundi. Anayekata stika za vinili kwa ajili ya kioo cha nyuma cha matatu anategemea plota yenye kisu, na kisu kinafuata kila ukingo uliouchora, hata wa kitundu kidogo kama kichwa cha sindano. Baada ya hapo kuna mtu anayekaa na koleo ndogo aking'oa mabaki, kipande kwa kipande. Nimemwona binti mmoja akiinamia neno moja la fonti chakavu mchana kutwa, na vipande vidogo chini ya milimita mbili vilikuwa vinang'oka na mabaki kila akivuta, kwa hiyo nusu ya uchakavu aliouagiza mteja uliishia kwenye pipa. Aliyetengeneza fonti hiyo hakumfikiria. Kwa sababu yake nimetoa Ubao wa pili, wa kukatwa: nyufa kubwa zimebaki, nyuzi nyembamba na vitundu vyote vimeondolewa. Huo huo ndio unaofaa kwa tisheti za skrini, zile ambazo wino hupenyezwa kwenye kitambaa chenye matundu, maana kitundu kilicho kidogo kuliko matundu ya kitambaa cha skrini kinaziba tu.

Na kuna WhatsApp. Siku hizi bango likichapwa nakala chache za ukutani, linasambazwa kwa mamia ya simu kama picha. Picha ya JPEG, ambayo ndiyo aina inayosambazwa hivyo, hugawanywa miraba midogo ya nukta 8 kwa 8, na kila mraba unarahisishwa ili faili lipungue. Kinachoumia zaidi ni kile ambacho fonti chakavu imejaa: vitu vidogo, vikali, vyeusi juu ya cheupe. Picha ikitumwa na kutumwa tena, kingo zinazungukwa na ukungu na herufi inaonekana chafu badala ya kuchakaa. Nyufa pana zilizolala zinavumilia. Vumbi laini halivumilii. Bango lako likienda kwenye simu kwanza, weka kichwa kikubwa, tumia Ubao wa kukatwa, na usiweke picha ya vumbi nyuma yake.

Wale wanaobandika nje wakumbuke kwamba hali ya hewa itafanya kazi yake bila kuombwa. Kati ya wino nne za kawaida za matbaa, manjano na majenta, ile ya waridi iliyokolea, ndizo zinazotangulia kufifia juani. Ndiyo maana bango lililokaa ukutani linabaki na rangi ya samawati kama la kliniki ya macho. Herufi chakavu nyekundu, ikiwa tayari imepoteza theluthi ya mwili wake kwa ubunifu, ikififishwa na jua haibaki na kitu. Kichwa chakavu kiwe cheusi, na rangi uipeleke nyuma.

Kuna mahali ambapo sitaiweka hata mteja akisisitiza. Programu ya mazishi ni mojawapo. Familia imekaa matangani, imekusanya picha za mpendwa wao, imehangaika na tarehe na majina ya wajukuu, kisha jina la marehemu linachapwa likiwa limekwaruzwa. Hapana. Vilevile kibao cha zahanati, chupa ya maziwa, na maelezo yoyote ambayo mtu lazima ayasome hadi mwisho. Fonti hii ni ya maneno matatu au manne, makubwa, pointi 60 na zaidi. Tarehe, mahali na kiingilio viandikwe kwa fonti safi chini yake. Namba ya simu iliyochakaa ni namba ya mtu mwingine: 3 inageuka 8, 1 inageuka 7, na mwenye tamasha anangoja wateja wanaompigia jirani.

Nitaitoa kwa leseni huria ya SIL, yaani mtu yeyote ataweza kuitumia kwa biashara, kuibadilisha na kuisambaza, mradi asiiuze yenyewe peke yake kama fonti. Nimeona mabango mengi ya biashara huku yakitumia fonti zilizoandikwa wazi kwamba ni za matumizi binafsi, na si kwa ubaya: hakuna aliyewahi kuwafungulia mafundi hao mlango mwingine.

Kilichonishika kwa sasa ni alama ndogo ya NG'. Kwenye fonti chakavu, kimkato kile cha juu kinafanana kabisa na kipande cha rangi kilichobaki baada ya herufi kubanduka, na msomaji anakipita akidhani ni uchafu. Huku kwetu hilo ni kosa la kila bango. ACHIENG' ni mtu, NYANG'OMA ni mahali, NG'OMBE ndio wanaonadiwa Jumamosi sokoni, na kwa Kiswahili na kwa Dholuo sauti hiyo inategemea kimkato hicho. Nimekichora upya mara nyingi. Kwanza kilichakaa kama herufi nyingine, kikapotea. Sasa ni kinene, kimekaa wima, kina nafasi yake pande zote mbili, na ndicho kitu pekee kwenye Ubao ambacho hakina mkwaruzo hata mmoja. Wiki hii kinajaribiwa kwenye bango la mnada wa mifugo, futi sita kwa nne, na mwenye mnada ameahidi kunitumia picha likishatundikwa.